FUNDI MGENI APEWE MWANAFUNZI

(Maneno yaliyosemwa Butembo, mbele ya wafanyakazi wa migodi na wananchi wa mji)



Tunawashukuru kwa kuja baada ya kazi, wengine mkiwa bado na udongo wa mgodi katika viatu. Hatutawachelewesha kwa maneno matupu. Tumekuja kusema juu ya jambo moja ambalo watu wanalizungumza sokoni, ndani ya magari na mbele ya malango ya migodi, lakini hatujakaa bado pamoja kulipima. Jambo lenyewe ni hili: mafundi wageni wanaoingia katika nchi yetu kufanya kazi. Je, waje ao wasije? Wakija, waje namna gani? Na siku wakiondoka, watuachie nini?

Sisi tunaosema mbele yenu ni makarani wa mgodi. Hatuchimbi, wala hatuendeshi mashini. Kazi yetu ni kalamu. Tunaandika majina, siku za kazi, mishahara, na makaratasi ya wageni wanaoajiriwa. Kwa hiyo mambo ambayo ninyi mnayasikia mlangoni, sisi tunayaona katika daftari. Na yako mambo mengine, tutayasema mbele kidogo, ambayo tuliyaandika kwa mkono wetu wenyewe, na leo yanatutia haya.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Neno hili ni fupi lakini lina sheria nzima ndani yake. Halimfukuzi mgeni. Wala halimwachi akae kitini milele huku wenyeji wakimbebea maji. Linampokea, linamlisha, kisha linamwambia: twende shambani pamoja. Sisi leo tunaongeza neno moja tu. Fundi mgeni mpe jembe siku ya tatu, na mpe pia kijana wa hapa alime kando yake, ili siku mgeni akienda kwao jembe lisilale chini.

Hilo ndilo neno letu lote. Mengine tutakayosema ni kulieleza.

TULIKOTOKA

Yafaa kwanza tukumbuke. Mji wetu wa Butembo ulikua kando ya kampuni ya madini. Kampuni ile, Minière des Grands Lacs, ambayo wazee waliiita MGL, ilikuja katika miaka ya 1920 kutafuta zahabu upande wa Manguredjipa. Mainjenieri, wapima ardhi na wakubwa wa mashini walitoka Ulaya kwa kontra. Walipewa nyumba, likizo na tiketi ya meli. Mtu mweusi alikuwa mchimbaji, mpagazi, mpishi, boi. Na akisoma sana, karani. Mtu aliweza kushika ncha ya mnyororo wa kupimia miaka 20 kando ya mpima ardhi, wala siku moja asiulizwe: je, unataka kujua hesabu hii inatoka wapi?

Matokeo yake mnayajua. Kampuni imekwisha kwenda, na leo wengi kule Manguredjipa wanachimba kwa koleo na karai. Ramani nyingi za mawe ya Kongo zilizochorwa wakati wa Wabelgiji ziko hata leo Tervuren, karibu na Bruxelles, katika nyumba ya makumbusho. Babu zetu walibeba vyombo vya kuchorea ramani hizo. Wajukuu wao wanatafuta mshipa wa zahabu kwa kubahatisha.

Nchi ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku hiyo Wakongomani waliomaliza chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima. Chuo cha Lovanium kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1954 tu. Munganga Mkongomani mwenye shahada kamili hakuwako hata mmoja. Walikuwako wasaidizi wa wanganga. Tarehe 5 Julai askari wakaasi, na katika majuma machache Wabelgiji wakaondoka kwa maelfu. Hospitali zikabaki na wagonjwa bila wanganga, biro zikabaki na meza bila wakubwa.

Basi ilibidi kuita wageni wengine wazibe shimo ambalo wageni wa kwanza walitupatia. Umoja wa Mataifa ukaleta wanganga na mafundi kutoka nchi nyingi. Walimu wakatoka Haiti, watu weusi kama sisi, wenye kusema Kifaransa. Lakini tazameni jambo moja jema lililofanyika mwaka ule ule wa 1960. Shirika la Afya la Dunia lilichukua wasaidizi wa wanganga kadiri ya 60, likawapeleka Ufaransa kumaliza masomo yao. Baada ya miaka michache wakarudi wakiwa wanganga kamili. Ni watu wale wale waliokuwa wakiambiwa kwamba hawawezi! Walichokosa ni mtu wa kuwafungulia mlango wa darasa.

KUFUKUZA SI SIASA YA KAZI

Wako ndugu zetu wanaosema: dawa ni kuwafukuza wote. Wakifukuzwa leo, kesho kazi itakuwa yetu. Twawaheshimu ndugu hao, kwani uchungu wao tunaujua. Lakini tuwakumbushe mwaka 1973.

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yatapewa Wazairi. Watu walipiga makofi, hata baba zetu. Kisha je? Mali nyingi zilianguka katika mikono ya wakubwa wa siasa na rafiki zao. Mtu ambaye hajapata kuuza hata chumvi alipewa duka zima. Aliuza vitu vilivyokuwa ndani mpaka rafu zikabaki tupu, wala hakujua vitu vingine huagizwa wapi. Mwaka 1976 serikali ilianza kuwarudishia wageni mali waliyonyang'anywa. Mfanyakazi wa shamba ao wa duka alipata nini katika safari hiyo yote? Alipata kupoteza mshahara.

Basi tumejaribu njia mbili, na zote mbili tumeona mwisho wake. Njia ya kwanza: mgeni anakaa miaka na miaka na ujuzi wake kifuani, akiondoka anaondoka nao. Njia ya pili: mgeni anafukuzwa kwa siku moja, na ujuzi unakwenda naye vile vile. Njia hizi mbili zinaonekana kama maadui, kumbe ni ndugu wa tumbo moja. Katika njia zote mbili hakuna mtu aliyefundishwa.

MAMBO TULIYOYAONA KWA MACHO YETU

Sasa tuseme juu ya jambo gumu, kwani wengi kati yenu mlizika watu wenu wakati ule.

Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018. Ulianza upande wa Mangina, ukaingia Beni, ukashuka Butembo na Katwa, ukafika Ituri na hata Kivu ya Kusini. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua, na 2,287 kati yao walikuwa wamekufa. Wakati huo wageni wenye ujuzi walifika kwetu kwa wingi ambao hatujapata kuuona: wanganga, wapimaji wa damu, watu wa chanjo, madereva, wenye kuhesabu.

Watu wengi walinung'unika. Walisema: magari ni mengi, mishahara ni mikubwa, lakini kazi zinapewa watu wa Kinshasa na watu wa ng'ambo, watoto wetu wenye vyeti wanakaa barabarani wakitazama vumbi. Walisema ugonjwa umekuwa biashara. Manung'uniko haya hayakuwa ya uongo yote. Mtu anayeona jirani yake akichukuliwa na watu asiowajua, wakiwa wamevaa nguo za kuficha uso, wasiojua hata kumsalimu kwa Kinande, anaingiwa na hofu. Na hofu ikichanganyika na njaa ni baruti.

Baruti ikalipuka. Mwisho wa Februari 2019 nyumba za kutunza wagonjwa, ile ya Katwa na ile ya Butembo, zilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili 2019, katika hospitali ya chuo kikuu cha Graben hapa mjini kwetu, watu wenye silaha waliingia wakamwua Munganga Richard Valery Mouzoko Kiboung. Alikuwa mtu wa Kamerun, mjuzi wa magonjwa ya kuambukiza, aliyetumwa na Shirika la Afya la Dunia. Alikuwa mgeni wetu. Alikuja kuzuia kifo, akakutana nacho mezani petu.

Ndugu, tusipite haraka juu ya jina hilo. Hatujui kama wauaji walikuwa na shauri gani mioyoni mwao, na si kazi yetu leo kuhukumu. Lakini sisi sote tuliokuwa tukisema maneno makali sokoni juu ya wageni, bila kupambanua nani anakuja kula na nani anakuja kuponya, yatupasa kuinamisha kichwa. Malalamiko juu ya mishahara na kazi hupelekwa kwa mwajiri na kwa serikali. Hayapelekwi kifuani mwa munganga.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Katika miaka ile, wageni wengi walifanya kazi bega kwa bega na wauguzi wetu. Vijana wa Beni na Butembo walijifunza kuchanja, kupima damu, kufuata nyayo za ugonjwa nyumba kwa nyumba, kuzika kwa heshima na kwa usalama. Tangu Julai 2019 mkubwa wa kazi yote aliwekwa Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongomani, ambaye mwaka 1976 alikwenda Yambuku ugonjwa huu ulipoonekana mara ya kwanza. Yeye mwenyewe alisoma Ubelgiji, kisha akarudi nyumbani. Dawa zilijaribiwa hapa hapa kwetu: Mangina, Beni, Butembo, Katwa. Mwezi wa Agosti 2019 ikatangazwa kwamba mbili kati yake zinaponya vizuri kuliko zingine. Na moja ya hizo mbili ilitengenezwa kutokana na damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995. Basi ujuzi ule ulikuwa wa wageni na wetu pamoja.

Na mwanafunzi alipimwa upesi. Tarehe 7 Februari 2021 Ebola ilitangazwa tena, safari hii hapa Butembo. Safari hii wengi wa waliosimama mbele walikuwa watu wetu, wale wale waliofundishwa miaka miwili mbele yake. Tarehe 3 Mei ikatangazwa kwamba umekwisha. Walikuwa wameugua watu 12, wakafa 6. Tunawalilia hao 6. Lakini linganisheni 12 na 3,470, mwone mwanafunzi ana bei gani.

MSTARI WA MWISHO WA KARATASI

Tulisema kwamba kuna jambo linalotutia haya. Tunalisema sasa.

Katika mgodi tunaofanya kazi, ambao hatutautaja, kwani hatukuja kugombana na nyumba moja, kulikuwa na mashini ya kusaga mawe. Fundi wake aliletwa kutoka mbali. Tuseme kweli: alikuwa fundi hasa, tena mtu mwema. Alisikia ugonjwa wa mashini kwa sikio tu, kama mama anavyosikia kikohozi cha mtoto wake. Karatasi zake zilipita mikononi mwetu. Katika karatasi za kampuni, chini kabisa, mlikuwa na mstari ulioandikwa hivi: jina la Mkongomani atakayefundishwa kazi hii.

Tulimwuliza mkubwa wetu: tuandike nani? Akajibu: andikeni yeyote, ni desturi tu. Basi tuliandika jina la mlinzi wa usiku.

Mlinzi yule ni mzee. Hakujua kama jina lake liko pale. Usiku alikuwa akiota moto langoni, na kwa karatasi alikuwa akisomea ufundi wa mashini. Miaka miwili ikapita. Kontra ya mgeni ikaisha, akatuaga vizuri, akaenda. Mwezi wa tatu mashini ikavunjika mahali padogo, ndani, pasipoonekana. Hakuna aliyejua kuifungua. Ikasimama miezi minne. Watu 60 walirudishwa nyumbani, bila kazi na bila posho. Baadhi yenu mlio hapa mlikuwa kati ya hao 60. Hamkujua kwamba njaa ile ilianzia kwenye kalamu.

Tulipomweleza yule mzee, alicheka sana. Kisha akatuuliza: basi mshahara wa fundi wa miaka miwili uko wapi, mnipe? Tulicheka naye. Lakini tulipofika nyumbani kicheko kilikuwa kimekwisha.

Baadaye aliletwa fundi wa pili, mgeni vile vile, kwa mshahara mkubwa kuliko wa kwanza, kwa sababu kampuni ilikuwa na haraka. Tukaandika karatasi nyingine. Mstari ule ule. Na tukaandika tena jina la uongo. Ndiyo, ndugu, mara ya pili. Tuliogopa kupoteza kazi. Tunalisema mbele yenu ili msidhani kwamba ubaya wote unatoka ng'ambo, na kwamba sisi wenyeji ni kondoo tu.

SHERIA IKO, LAKINI IMELALA

Msifikiri nchi yetu haina sheria juu ya mambo haya. Mwaka 1974 ilitoka amri ya kulinda kazi ya wananchi wasinyang'anywe na wageni. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaendelea na shauri hilo. Mgeni hawezi kuajiriwa hivi hivi. Mwajiri anapaswa kumwombea karte ya kazi, na iko komisyo ya taifa inayochunguza maombi hayo. Amri ya waziri ya mwaka 2005 imeweka mpaka: katika kila aina ya kazi na kila daraja, wageni wasipite kiasi fulani katika mia. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 inasema kwamba kazi ndogo ndogo ambazo kampuni kubwa inawapa wengine kuifanyia, zipewe makampuni ya Wakongomani. Na kwa wachimbaji wa mkono, sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyotengenezwa upya tarehe 9 Machi 2018, ni wazi kama jua: karte ya mchimbaji hupewa Mkongomani peke yake.

Basi mbona tunalalamika? Kwa sababu sheria ya karatasi hulala mahali ambapo karani, mkubwa wake na mkaguzi wamekubaliana kulala. Mtu anaingia kwa viza ya kutembelea, kesho yuko mtoni na mashini ya kuchota mchanga, na katika karatasi anaitwa mjuzi. Mjuzi wa nini? Wakati mwingine ni mpishi wa wenzake, ao ni mwuza duka.

Katika Kivu ya Kusini, Agosti 2021, gavana alisimamisha kazi ya makampuni 6 ya Kichina yaliyokuwa yakichimba katika Mwenga. Na Januari 2025 mahakama ya Bukavu iliwahukumu Wachina 3 kifungo cha miaka 7 kwa sababu ya madini waliyoyashika kinyume cha sheria. Hatutaji mambo haya ili mtu amchukie Mchina. Wafanya biashara wa Butembo wanakwenda Guangzhou kununua vitu, wanapokelewa, wanarudi. Twayataja kwa sababu wageni wale hawakufika migodini kwa kuruka kama ndege. Yuko mwenyeji aliyewaonyesha njia, na mwenyeji mwingine aliyefumba macho.

TUNAYOYATAKA

Twaomba mambo matano, wala si makubwa.

La kwanza. Mgeni aje kwa kazi ambayo kweli hapa hatujapata mtu wa kuifanya. Kabla hajaitwa, kazi itangazwe hapa kwetu, Butembo, Beni, Lubero, Oicha, na tangazo libandikwe mahali watu wanapita. Lisitiwe katika sanduku.

La pili. Kila fundi mgeni awe na wanafunzi wawili Wakongomani, wenye majina ya kweli, wanaojulikana na wenzao. Kwa nini wawili? Kwa sababu mmoja anaweza kuugua ao kuhama, kazi ikafa naye.

La tatu. Kontra ikiisha, isifanywe upya kwa kutazama mgeni tu. Atazamwe mwanafunzi. Aitwe mbele ya mashini, aambiwe: fungua, funga, washa. Akiweza, tumshukuru mgeni, tumpe mkono na zawadi, aende kwa amani. Asipoweza, tuulize kosa ni la nani. Waajiri wanatoa mchango kwa INPP, taasisi ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1964. Basi wapimaji wa kweli wanaweza kupatikana huko.

La nne. Mwanafunzi akishika kazi ya fundi, ashike pia mshahara wa fundi. Tumeona mtu anafanya kazi ile ile, kwa mashini ile ile, lakini katika daftari letu anaandikwa msaidizi mpaka azeeke. Fundi mgeni naye alindwe: asinyang'anywe pasiporti yake na mwajiri, asikae bila munganga, asilipwe kwa ahadi. Mfanyakazi anayeonewa kwa sababu ni mgeni anakuwa fimbo ya kutupigia sisi sote.

La tano. Wafanyakazi wenyewe wachague watu wa kusoma majina yale ya mstari wa mwisho, mara moja kwa miezi mitatu, kwa sauti, mbele ya wote. Neno likisomwa kwa sauti, uongo hauna mahali pa kukaa.

Tunajua majibu ya wakubwa. Watasema: kufundisha kunapoteza wakati. Sisi tunajibu: miezi minne ya mashini kulala ilipoteza nini? Watasema: tukimfundisha atakimbilia kampuni nyingine. Tunajibu: mlipeni, hatakimbia. Watasema: Wakongomani hawana masomo ya kutosha. Hilo tulilisikia mwaka 1960, na wale wasaidizi wa wanganga wamekwisha kulijibu.

TUSISAHAU KWAMBA NASI NI WAGENI KWINGINE

Jambo moja lingine, nasi tutamaliza. Tarehe 8 Aprili 2022 nchi yetu ilitia sahihi kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wenzetu huko wana mapatano juu ya soko la pamoja, yaliyoanza kazi tarehe 1 Julai 2010, na ndani yake mna neno juu ya wafanyakazi kuvuka mipaka. Siku zijazo tutaona fundi wa umeme kutoka Kampala akivuka Kasindi, na mwalimu kutoka Nairobi. Wengine kati yetu wanaogopa.

Lakini tuulize: watoto wetu wangapi wanasoma Kampala? Wauguzi wetu wangapi wanatafuta kazi ng'ambo ya mpaka? Vita na mauaji ya upande wa Beni vimewavusha ndugu zetu wengi mpaka Uganda, na huko wanashona, wanajenga, wanatengeneza pikipiki. Tungependa wapimwe namna gani? Kwa rangi ya pasiporti, ao kwa kazi ya mikono yao? Kipimo tunachokitaka kwao ndicho tukiweke hapa kwetu. Mlango usiwe ukuta, wala usiwe shimo. Uwe mlango: una bawaba, una mlinzi, na anayeingia anapiga hodi.

NENO LA MWISHO

Ndugu, fundi wa pili wa mashini ile ya mawe, kontra yake inaisha sasa. Karatasi imekwisha kufika mezani petu. Mstari wa mwisho uko wazi, haujaandikwa. Mkubwa amekwisha kutuambia kama zamani: andikeni yeyote.

Tumekaa pamoja sisi makarani tukaamua. Hatutaandika tena jina la mlinzi wa usiku. Pengine tutaambiwa tuchukue mishahara yetu ya mwisho na kwenda. Tumewaambia wake zetu ili wasishtuke. Lakini hatuwezi kusimama mbele yenu na kuomba sheria iamke, huku kalamu yetu wenyewe inaibembeleza ilale.

Kwa hiyo tunawaomba jambo. Vijana, ninyi mliosoma ufundi, wasichana kwa wavulana, na wewe ambaye hujasoma lakini mikono yako inaelewa chuma: leteni majina yenu. Njooni bironi mchana, kwa miguu yenu, na vyeti mkiwa navyo. Mjue lakini kwamba mwanafunzi hachelewi, haibi vyuma, haoni haya kuuliza mara tatu. Nanyi wafanyakazi wa zamani, mkiona kijana anasimama kando ya fundi mgeni, msimcheke mkisema anajipendekeza. Anawalindia posho yenu.

Na yule fundi mgeni, tumekwisha kuzungumza naye. Tulimwuliza kama angependa kufundisha. Alijibu kwamba kwao yeye mwenyewe alifundishwa na mzee mmoja kwa miaka mitano. Tena alishangaa kwamba tangu afike hapa hakuna mtu aliyemwomba.

Basi sasa ameombwa. Kinachobaki ni majina. Twayangoja.